SOMO LA MAPISHI: PAI YA NYAMA NGUMU



Katika somo hili tutajifunza kupika pai ya nyama ya ng'ombe. Pai ni chakula cha unga wa ngano kilichojazwa nyama na mboga ndani, kisha kikaokwa. Sambusa tunaifahamu sote. Pai ni ndugu yake sambusa, lakini haikaangwi katika mafuta. Pai huokwa kama mkate.

Soma somo hili polepole. Chukua daftari na kalamu, maana ndani yake mna vipimo na hesabu. Ukimaliza kusoma, jibu maswali yaliyo mwisho.

KWA NINI TUJIFUNZE PAI?

Vijijini ng'ombe wengi huchinjwa wakiwa wazee. Maksai amelima miaka mingi, au ng'ombe amekoma kutoa maziwa. Nyama yake ni ngumu. Wazee wasio na meno hawaiwezi. Watoto wadogo huifyonza kisha huitema. Basi nyama imenunuliwa kwa fedha, lakini walioihitaji zaidi wamekunywa mchuzi tu.

Wengine husema, "Hiyo ndiyo nyama yetu, tutafanyaje?" Sisi tunasema nyama ngumu ina njia yake ya kupikwa. Ukiijua njia hiyo, nyama hiyo hiyo italainika hata mzee ataila kwa raha. Na ukiitia ndani ya pai, kilo moja ya nyama itatosha watu wengi, au itauzwa mnadani na kuleta fedha nyumbani.

PAI ILITOKA WAPI?

Pai za nyama ni chakula cha zamani sana huko Uingereza. Hapo kale ganda la unga lilifanywa nene na gumu, likawa kama chombo cha kuhifadhia na kubebea nyama.

Katika jimbo la Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza, watu wengi walikuwa wachimbaji wa madini ya bati na shaba. Mchimbaji alishuka shimoni asubuhi na kutoka jioni. Alihitaji chakula cha kushiba, kisichomwagika, na kisichohitaji sahani wala kijiko. Akabeba pai iliyokunjwa kama nusu mwezi, yenye nyama ya ng'ombe, viazi na vitunguu ndani.

Karne ya 19 machimbo ya Cornwall yalipodhoofika, wachimbaji wengi walihama. Walikwenda Marekani, Australia na Meksiko, na pai yao wakaenda nayo. Mpaka leo katika mji wa Pachuca, nchini Meksiko, watu huuza pai za namna hiyo, ila wao hutia na pilipili.

Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya uliilinda pai ya Cornwall kwa sheria. Atakayeiuza kwa jina hilo lazima aitengeneze Cornwall, na nyama isipungue asilimia 12.5 ya uzito wa pai nzima. Maana yake, katika pai ya gramu 200, nyama isipungue gramu 25. Wameweka sheria hiyo ili mnunuzi asiuziwe unga mtupu kwa jina la nyama. Hilo ni jambo la kukumbuka hata kwetu sisi tunaouza.

Pai ya Cornwall hujazwa nyama mbichi iliyokatwa ndogo ndogo, nayo huivia ndani ya ganda. Nyama yetu ngumu haiwezi kuiva kwa njia hiyo. Sisi tutaipika kwanza jikoni mpaka ilainike, ndipo tuijaze.

KWA NINI NYAMA NI NGUMU?

Sehemu za ng'ombe zinazofanya kazi sana huwa ngumu: muundi, shingo, bega na kidari. Sehemu isiyofanya kazi sana, kama sarara, huwa laini. Ndani ya nyama ngumu mna nyuzi nyeupe zinazoshikilia nyama pamoja. Nyuzi hizo zimejaa kitu kinachoitwa kolajeni. Kadiri ng'ombe anavyozeeka, nyuzi hizo huzidi kukaza.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Kolajeni ikikaa muda mrefu katika maji ya moto, huyeyuka. Hugeuka kuwa jelatini, yaani ule uteute unaofanya mchuzi wa kwato ugande ukipoa. Nyuzi zikiyeyuka, nyama hulegea na mchuzi huwa mzito na mtamu.

Lakini kuyeyuka huko hakutaki haraka. Ukichochea moto mkali, nyama hujikunja, hukamua maji yake yote, na huwa kavu kama kamba. Mtu akiona hivyo hudhani moto hautoshi, akaongeza kuni. Kumbe anazidi kuiharibu! Nyama ngumu hutaka moto mdogo na saa nyingi. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na hapa jikoni usemi huo ni kweli kabisa.

Wengine hupaka papai bichi. Papai husaidia, lakini hulainisha zaidi sehemu ya juu ya nyama. Likizidi, nyama huwa kama uji. Moto mdogo ndio dawa ya uhakika.

NYAMA YA KUNUNUA NA NYAMA YA KUKATAA

Kabla ya mapishi, tuseme jambo moja bila kuficha. Usipike nyama ya mzoga, yaani mnyama aliyekufa mwenyewe. Pengine jirani atakuambia, "Chukua kwa bei ya bure, ukiipika sana hakuna ubaya." Usikubali. Ugonjwa wa kimeta huua ng'ombe ghafla, na vijidudu vyake vina ganda gumu linalostahimili joto la kuchemsha. Zaidi ya hayo, mtu huweza kuambukizwa wakati wa kuchuna na kukata, hata kabla nyama haijafika jikoni. Kupika muda mrefu ni dawa ya ugumu. Si dawa ya mzoga.

Nunua nyama iliyokaguliwa na kupigwa mhuri. Mkaguzi hutazama pia kama nyama ina malengelenge ya tegu. Tegu ni mnyoo mrefu unaoingia tumboni mwa mtu anayekula nyama ya ng'ombe isiyoiva.

VIFAA VYA PAI 20

Nyama ya kujazia:
- nyama ya muundi, shingo au bega, isiyo na mfupa, kilo 1
- vitunguu maji 4
- viazi mviringo nusu kilo
- karoti 2
- nyanya 2
- kitunguu saumu punje 4, na tangawizi kipande
- pilipili manga iliyosagwa, nusu kijiko cha chai
- chumvi kijiko 1 cha chai, kisha uonje
- unga wa ngano vijiko 2 vya chakula

Ganda la pai:
- unga wa ngano kilo 1
- shahamu ya ng'ombe, samli au majarini, gramu 350
- maji kikombe 1 na nusu (kikombe cha robo lita)
- chumvi vijiko 2 vya chai

Kama unatumia shahamu mbichi, nunua zaidi kidogo. Ikate vipande vidogo, weka sufuriani na maji kidogo, iyeyushe kwa moto mdogo, kisha ichuje.

KUPIKA NYAMA

1. Nawa mikono kwa sabuni. Kata nyama vipande vidogo, kila kimoja kama nusu ya kiberiti. Ifute maji kwa kitambaa safi. Nyama yenye maji haikaangiki, huchemka tu.

2. Pasha mafuta kidogo sufuriani mpaka yapate moto sana. Weka nyama kidogo kidogo. Usiijaze yote kwa mara moja, maana itatoa maji. Igeuze mpaka ipate rangi ya hudhurungi pande zote, kisha itoe. Rangi hiyo ndiyo inayoleta harufu nzuri na utamu.

3. Katika mafuta yale yale kaanga vitunguu mpaka vilainike. Tia kitunguu saumu, tangawizi na nyanya. Koroga, ukikwangua yaliyoshika chini ya sufuria. Usiyatupe, huo ndio utamu wenyewe.

4. Rudisha nyama. Tia chumvi na pilipili manga. Mimina maji ya moto mpaka yakaribie kuifunika nyama, lakini yasiizamishe. Funika vizuri.

5. Yakichemka, toa kuni, ubakize moto mdogo. Funua utazame: vipovu vitokee kimoja kimoja, kama chungu kinanong'ona. Kikipiga kelele, punguza moto.

6. Acha saa 2 na nusu hadi saa 3. Nyama ya maksai mzee huweza kufika saa 4. Kila baada ya nusu saa tazama maji. Yakipungua sana, ongeza ya moto, si ya baridi.

7. Utajuaje kama imeiva? Bonyeza kipande kwa kijiko. Kikiachana chenyewe, kimeiva. Kikiruka pembeni, bado.

8. Nyama ikikaribia kuiva, tia viazi na karoti vilivyokatwa vidogo. Baada ya nusu saa vitakuwa tayari.

9. Changanya ule unga vijiko 2 na maji baridi kidogo, mimina, koroga dakika 5. Mchuzi uwe mzito. Pitisha kijiko chini ya sufuria: njia ya kijiko ikibaki wazi kidogo kabla ya kujifunga, uzito unatosha. Mchuzi mwepesi utalowesha ganda, na pai itapasuka.

Wasomaji wetu wa milimani, angalieni hapa. Dar es Salaam, kando ya bahari, maji huchemka kwa joto la nyuzi 100. Lakini kila ukipanda kama mita 300, maji huchemka kwa joto lililopungua karibu nyuzi 1. Mji wa Mbeya uko juu kama mita 1,700, kwa hiyo maji huko huchemka kwa nyuzi kama 94. Basi mpishi wa Mbeya asishangae nyama yake ikichelewa kuliko ya shemeji yake wa Pwani. Aongeze muda, asiongeze moto. Maji yakisha kuchemka, kuni za zaidi huongeza mvuke tu, joto la maji halipandi.

KUPOZA NYAMA

Nyama haijazwi ikiwa ya moto, kwa sababu itayeyusha ganda. Lakini pia haiachwi sufuriani mpaka kesho. Hapa ndipo watu wengi huumia.

Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemsha. Nyama ikiwa ya moto sana, havizaliani. Lakini ikiwa vuguvugu ndani ya sufuria kubwa, huzaliana upesi mno. Nyama hiyo huweza kunukia vizuri kabisa, lakini atakayeila ataumwa tumbo na kuhara. Kwa mtoto mdogo au mzee, kuhara si jambo la mchezo.

Basi fanya hivi. Tandaza nyama katika sinia pana, funika kwa kitambaa safi, weka kivulini penye upepo. Ikipoa, ijaze na kuioka mara moja. Tangu kuipua mpaka kuoka isipite saa 2. Kama sufuria yako ya kuokea ni moja tu na inaingia pai 10, basi poza nusu. Nusu nyingine ibaki jikoni juu ya makaa, iwe inatoa mvuke mpaka zamu yake ifike.

KUKANDA GANDA

Watu wa mijini hutumia siagi baridi na maji ya barafu. Sisi tutatumia maji ya moto. Njia hii pia ni ya zamani huko Uingereza, nayo hutufaa sisi tusio na jokofu.

1. Changanya unga na chumvi katika bakuli. Fanya shimo katikati.

2. Chemsha maji pamoja na shahamu mpaka yote iyeyuke. Mimina katika unga, ukikoroga kwa mwiko. Angalia usijiunguze.

3. Likipoa kiasi cha kushikika, kanda mpaka liwe laini. Likikatika katika, ongeza maji ya moto kijiko kimoja kimoja. Usikande mno kama chapati, maana ganda litakuwa gumu.

4. Gawa madonge 20. Yafunike kwa kitambaa yasikauke. Usiyaache mpaka yapoe kabisa, kwa sababu shahamu ikiganda donge halitasukumika.

5. Sukuma donge moja juu ya kibao cha chapati, liwe duara la upana wa sahani ndogo ya kikombe.

6. Weka nyama vijiko 2 vya chakula upande mmoja. Pakaa maji ukingoni, kunja liwe nusu mwezi, bana kingo kwa vidole au kwa uma. Toboa tundu dogo juu. Tundu hilo ni mlango wa mvuke. Bila tundu, mvuke utajitafutia njia mwenyewe, na pai itapasuka ubavuni. Ukipenda, pakaa yai lililopigwa ili ing'ae.

KUOKA BILA JIKO LA UMEME

Chukua sufuria kubwa. Tia mchanga mkavu, kina cha vidole viwili. Iweke juu ya jiko la mkaa, ufunike kwa mfuniko wa bati wenye kingo, kisha palia makaa juu yake. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, maana wa chini huunguza upesi.

Pima joto kabla ya kuweka pai. Nyunyiza unga kidogo juu ya kipande cha bati, uweke ndani. Ukibaki mweupe, moto ni mdogo. Ukiwa mweusi mara moja, moto ni mkali. Ukigeuka hudhurungi baada ya dakika chache, moto unafaa.

Panga pai katika sinia iliyopakwa mafuta, zisigusane. Weka sinia juu ya mchanga, funika, palia makaa. Oka kama dakika 40. Zikiwa rangi ya hudhurungi, na ukigonga chini zikalia kavu, zimeiva. Fanya kazi hii nje au penye hewa, kwa sababu moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua.

Pai za shahamu huliwa zikiwa za moto, kwa kuwa shahamu ikipoa huganda mdomoni. Za kuuza ziuzwe siku hiyo hiyo.

TUPIGE HESABU

Bei hizi ni za mfano tu. Wewe andika bei za kwenu.

Nyama kilo 1: sh. 10,000
Unga kilo 1: sh. 2,000
Shahamu: sh. 1,500
Vitunguu, viazi, karoti na nyanya: sh. 2,000
Chumvi na viungo: sh. 500
Kuni na mkaa: sh. 1,000
Jumla: sh. 17,000

Gawanya 17,000 kwa 20. Kila pai imekugharimu sh. 850. Ukiuza kila moja sh. 1,200, utapata sh. 24,000. Toa 17,000. Zinabaki sh. 7,000.

Lakini ngoja, usifurahi bado. Zikibaki pai 3, umeuza 17 tu. Umepata sh. 20,400, na faida ni sh. 3,400. Zikibaki 6, umeuza 14 na kupata sh. 16,800. Hapo umekula hasara ya sh. 200.

Ndipo moyo utakapokushawishi: "Hizi sita nizifiche, kesho nizipashe niuze." Usifanye hivyo. Wape watoto na wazee wa nyumbani jioni hiyo hiyo, zikiwa bado nzuri. Hasara ya sh. 200 utairudisha siku ya mnada mwingine. Lakini watu wa kijiji kizima wakisema, "Pai za mama fulani ziliniumiza tumbo," jina hilo hutalifuta kwa fedha. Afadhali uanze na pai 10, ziishe, na watu waulize kesho utapika saa ngapi.

Wala usipunguze nyama ukaongeza viazi kwa siri. Mnunuzi akiuma mara mbili bila kukutana na nyama, hatarudi. Kama nyama imepanda bei, afadhali useme wazi na kupandisha bei kidogo.

MANENO MAPYA

Muundi: sehemu ya mguu wa ng'ombe chini ya goti.
Sarara: nyama laini ya mgongoni.
Shahamu: mafuta ya mnyama.
Kolajeni: kitu kinachokaza nyuzi za nyama.
Jelatini: uteute unaopatikana kolajeni ikiyeyuka.
Kupalia: kuweka makaa ya moto juu ya mfuniko.

MASWALI

1. Taja sehemu tatu za ng'ombe ambazo nyama yake ni ngumu. Kwa nini ni ngumu?

2. Jirani anachochea moto mkali ili nyama ya maksai ilainike upesi. Utamwambia nini?

3. Kwa nini hatuli mzoga hata ukipikwa saa 4?

4. Kwa nini nyama iliyopikwa haiachwi sufuriani mpaka kesho?

5. Kwa bei za mfano wetu, lazima uuze pai ngapi ili usipate hasara? Piga hesabu daftarini.

6. Andika bei za kijijini kwenu, kisha tafuta gharama ya pai moja.

Ukishajibu, mwite jirani asiyejua kusoma, umsomee hatua moja moja huku yeye akipika. Siku nyingine mbadilishane, yeye akufundishe analolijua. Jibu la swali la 5 ni pai 15. Kama umepata 14, rudia hesabu yako: bado sh. 200 hazijarudi mfukoni.